Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja na Ramani Yake

Ukimtajia mwanafunzi wa udaktari jina la Burkitt, atakujibu haraka kwamba ni saratani ya watoto, ile inayovimbisha taya. Hajakosea. Lakini kabla ya kuwa jina la ugonjwa Burkitt alikuwa mtu, tena mtu aliyefanya kazi zake kubwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa pesa ambazo leo hata kikundi cha wanafunzi wanne kingezilalamikia.

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Biolojia na Jiografia, na mzee huyu nilimfikia kwa njia ya kuzunguka. Tulipewa asaimenti kuhusu namna ya kupima faida ya data ambazo watafiti wanazigawa bure. Nikachagua data za maumbo ya protini kwa sababu ndizo zinazosifiwa kuliko zote. Nikaanzia kwenye kompyuta ya maktaba yetu, nikaishia Lira, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1946. Nitaeleza nilivyofika huko, ila kwanza mtu mwenyewe.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, lakini jioni akirudi nyumbani alikuwa na kazi nyingine ya mapenzi tu. Alikamata wale ndege wadogo wa bustanini wenye kifua chekundu, akawavisha vipete vya chuma miguuni, akawaachia, halafu akachora ramani kuonyesha ndege yupi anatawala kipande kipi cha ardhi. Hakuna aliyemlipa. Leo wataalamu wa ndege wanamhesabu kati ya watu wa kwanza kutumia vipete kwa kazi ya namna hiyo. Basi Denis amekulia nyumba ambayo ukitaka kuelewa kitu, unauliza kwanza kiko wapi na hakiko wapi.

Akiwa na miaka 11 alirushiwa jiwe, miwani ikapasuka, kioo kikaingia jicho la kulia. Jicho likapotea. Alipoingia Trinity College, Dublin, alianza na uhandisi kama baba, kisha akahamia udaktari. (Wale mliobadilisha kozi mkasemwa nyumbani, mnaye mwenzenu.) Alihitimu mwaka 1935, akasomea upasuaji, na kwa kuwa alikuwa mlokole wa kweli kweli aliamini ameitwa kufanya kazi Afrika. Akaomba nafasi serikalini, akakataliwa. Walisema daktari wa jicho moja hafai makoloni. Ikabidi vita vimsaidie. Jeshi lilimchukua mwaka 1941 na kumleta Kenya na Somalia, na vita vilipokwisha ile ofisi iliyomkataa ikampa Uganda. Mwaka 1946 akafika Lira na mkewe Olive.

Kazi ya Lira ni ya kila siku: hernia, mifupa iliyovunjika, uzazi uliokwama. Na mabusha. Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa busha ni nini. Burkitt alipasua mabusha mengi, na katika kupasua akagundua kwamba wagonjwa wengi wanatoka mashariki ya wilaya, huku magharibi wakiwa wachache mno. Daktari mwingine angesema labda wa magharibi wanaona aibu kuja. Yeye alikwenda kuhesabu, akachora ramani, akaichapisha mwaka 1951. Haikumpa umaarufu wowote. Lakini kwangu mimi ndiyo kazi yake ya kwanza, kwa sababu yote yaliyofuata yana umbo lile lile.

Mwaka 1957 alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Siku moja Dk. Hugh Trowell wa wodi ya watoto alimwita amwone mtoto wa miaka mitano. Mtoto amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Uvimbe wa usaha hauji pande nne kwa mpigo, na saratani ya mfupa nayo kwa kawaida inaanza mahali pamoja. Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, anachungulia dirishani, anamwona mama amekaa kwenye majani na mtoto mwenye uso ule ule. Akatoka nje mbio. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Mgonjwa mmoja ni ajabu, wawili ni swali. Akarudi Mulago akafukua mafaili. Makala yake ya mwaka 1958, kwenye jarida la upasuaji la Uingereza, ilikuwa na watoto 38. Ilisomwa na watu wachache, ikanyamaziwa.

Hapo ndipo ninapompendea. Angeweza kuandika makala ya pili kulalamika kwamba ya kwanza haijasomwa. Badala yake aliomba ruzuku ya serikali, akapewa paundi 25, akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wale na swali moja rahisi: je, umewahi kuona hali hii hapo ulipo? Vipeperushi zaidi ya 1,000 vikatumwa kwa posta kwenda hospitali za serikali na za misheni barani kote. Majibu yalipoanza kurudi aliyaweka kwenye ramani ukutani.

Ramani ikatoa mkanda unaokata Afrika katikati, takribani nyuzi 15 kaskazini na 15 kusini mwa Ikweta, halafu mkia unashuka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Sasa angalia jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Mkanda ule haukuchorwa na hospitali zilizosema ndiyo peke yake. Ulichorwa pia na zile zilizojibu hapana, hapa hatujaona. Bila hapana za nyanda za juu, ndiyo za bondeni zingekuwa vidoti tu vilivyotawanyika. Daktari wa misheni aliyetumia dakika tano na stempu kuandika kwamba hajawahi kuona mgonjwa wa aina hiyo alichangia mpaka wa ramani sawasawa na aliyeandika kwamba amewaona kumi.

Oktoba 7, 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walitoka Kampala kwenye gari aina ya Ford lililokwishatumika. Walitaka kuufuata ukingo wa mkanda kwa macho yao. Wiki 10, maili 10,000, hospitali zaidi ya 50, wakipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi kusini kabisa. Kila wanapofika wanaonyesha picha, wanauliza, wanaandika. Picha iliyopatikana ni kwamba karibu na Ikweta ugonjwa hauonekani juu ya mita 1,500, na kadiri unavyokwenda kusini kimo hicho kinashuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa taasisi ya virusi ya Entebbe, akaitazama ramani ile akaona kwamba kinachopimwa hapo ni joto: ugonjwa haupo panaposhuka chini ya nyuzi kama 16 za Selsiasi, na haupo panapopata mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka. Huo ndio mpaka wa mbu.

Dodoma yetu iko mita 1,100 na ushee, na mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu maktaba. Kwa vipimo vya mzee tuko karibu na ukingo wenyewe, pale ambapo jibu la kila hospitali ndogo, la ndiyo au la hapana, lina uzito.

Na hapa lazima niseme langu. Likizo iliyopita nilipata kazi ya kujaza madodoso kwenye mradi mmoja wa utafiti wa magonjwa ya kuhara kwa watoto, vijiji vya Bahi. Tulikuwa tunapanda bodaboda alfajiri, tunarudi jioni tukiwa rangi ya vumbi. Tukifika kaya ambayo haijapata mtoto wa kuhara, mkubwa wetu anasema tuiruke, haina data. Nikaruka, maana nilitaka posho. Baadaye ripoti ilipotoka niliisoma yote. Kuna shukrani kwa wafadhili, kuna ramani nzuri ya rangi, na vijiji tulivyotembea vimekuwa namba. Sisi tuliojaza hata namba hatukupata. Sisemi kwamba nilistahili kuwa mwandishi wa ripoti. Nasema tu kwamba tangu siku ile swali la asaimenti halikuwa tena la asaimenti.

Turudi London, Machi 22, 1961, miezi kadhaa kabla ya ile safari. Burkitt alikuwa likizo, akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Kati ya waliokaa ukumbini alikuwemo kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa anasaka virusi vya saratani. Kabla mhadhara haujaisha Epstein alishaamua. Ugonjwa unaofuata joto na mvua lazima uwe na kitu kinachoambukizwa ndani yake. Wakakubaliana: Burkitt atatuma vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, Epstein ataviweka chini ya hadubini ya elektroni.

Hakukuwa na mkataba wa umiliki, wala fomu za kurasa 20. Miaka karibu mitatu vipande vilienda, na Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kifurushi ikashindwa kutua London kwa ajili ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kifurushi kilipofika kwa kuchelewa, maji yaliyozunguka nyama yalikuwa yamefifia kama ya ukoko. Mtu mwingine angesema vimeoza, atupe. Epstein akatazama tone lake, akakuta si bakteria, ni seli hai za saratani zimejitenga na zinaelea. Seli hizo akazikuza pamoja na Yvonne Barr, na Februari 1964 kirusi kikaonekana ndani yake. Epstein, Barr na Bert Achong wakatangaza mwezi Machi. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr. Leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho na hawasumbuki. Hapa kwetu inaelekea malaria ya mara kwa mara ndiyo inayolegeza kinga ya mtoto hadi kirusi kimgeuke. Jambo hilo lilijaribiwa hapa Tanzania, Tarime na maeneo yake, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wakigawiwa klorokwini. Visa vya saratani vilipungua, ila vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya dawa, hivyo jibu halikukaa sawasawa.

Sasa ndiyo tunafika kwenye protini. Kirusi cha Epstein-Barr kina tabia moja. Kikiingia kwenye chembe fulani nyeupe za damu, zinaacha kuzeeka. Zinagawanyika bila kikomo. Kwa mgonjwa ni balaa, kwa maabara ni shamba lisiloisha mavuno. Anayetaka kujua umbo la protini kwa eksirei anahitaji protini nyingi na safi ili itengeneze fuwele, na seli za kawaida zinakufa kabla hujapata hata chembe ya kutosha. Wanasayansi wa Harvard walipotaka kuona umbo la HLA, ile protini ambayo kinga ya mwili huitumia kutambua huyu ni wa nyumbani au mgeni, waliivuna kutoka kwenye seli zilizokuzwa kwa kirusi hicho. Mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake wakaonyesha umbo lake: juu kuna mfereji, na ndani ya mfereji kinakaa kipande kidogo cha protini kama bidhaa kwenye meza ya genge. Swali lililosumbua watu kwa miaka likawa picha.

Kuna na habari ya Nairobi. Mwaka 1967 seli za kijana wa Kenya wa miaka 16, mgonjwa wa saratani hii hii, zilipelekwa Stockholm zikakuzwa, na mpaka leo zinauzwa na kugawiwa maabara za dunia nzima kwa jina la Daudi. Seli za Daudi zina kasoro: zimekosa protini ndogo iitwayo beta-2-maikroglobulini, na kwa kuikosa, HLA haifiki juu ya seli kabisa. Ni kama mlango usio na bawaba, mbao unayo lakini hausimami. Kasoro ya seli za kijana mmoja ndiyo iliyowafundisha watu kwamba vipande hivyo viwili havitengani.

Umbo la HLA limewekwa kwenye Benki ya Data za Protini, PDB, iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 na sasa ina zaidi ya 200,000. Mtu yeyote mwenye bando anafungua bure. Kwa hiyo data za aina hii watu wanapenda kuulizana: zimeleta faida kiasi gani? Jibu la kwanza ni kuhesabu rejea, nani kamtaja nani. Lakini watafiti wengi wanaandika ile namba ya umbo yenye herufi nne katikati ya maelezo na kwenye orodha ya rejea hawaiweki, hivyo hesabu inapungua. Jibu la pili ni kuangalia kilichozaliwa. Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya Kemia, sehemu yake moja, ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu inayotabiri maumbo ya protini, na programu hiyo ilijifunza kutoka kwenye benki hii, yaani kazi ya maelfu ya watu waliokubali kuweka data zao hadharani.

Nilifungua ukurasa wa umbo mojawapo la HLA, namba yake ni 3HLA. Kuna waandishi, kuna njia iliyotumika, kuna ukali wa picha, na chanzo kimeandikwa binadamu. Imeishia hapo. Ukitaka kutoka kwenye ukurasa ule ufike kwa yule mama aliyekaa kwenye majani Jinja, lazima utembee mwenyewe: umbo, seli, kirusi, kifurushi kilichopotelea kwenye ukungu, mhadhara, ramani, kipeperushi cha paundi 25. Hakuna mashine ya kuhesabu rejea inayopita njia hiyo, kwa sababu kila mmoja anamtaja wa jana yake na si wa miaka 30 nyuma. Na hao watoto, mzee wala Epstein hawakuwauliza kwa namna ambayo leo kamati ya maadili ingekubali. Nampenda Burkitt, lakini hilo nalo liandikwe.

Kuna kipimo kimoja ambacho mwenyewe alikiona. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye na wenzake walianza kuwapa watoto wale dawa za saratani, na wengine uvimbe ulinywea kwa siku chache mbele ya macho ya wazazi wao. Wapo waliopona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kikafunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua hadi kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Yeye alikuwa ameshaondoka mwaka 1966, akafanya kazi London, na ramani zikamfuata. Safari hii alizituma kila mwezi hospitali za misheni zimwambie wameona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo na magonjwa mengine ya utumbo ambayo Ulaya yalijaa na Afrika vijijini yalikuwa nadra. Akahitimisha kwamba Wazungu wanakula unga uliokobolewa mno. Kwa lugha ya kwetu: mzee alikuwa upande wa dona. Alipima mpaka vinyesi, akavilinganisha, na mihadharani alikuwa anaonyesha picha zake bila haya hata kidogo. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kwenye chakula kilimfanya ajulikane kwa watu wa kawaida kuliko saratani ilivyowahi kumfanya. Si yote aliyoyasema kuhusu chakula yamethibitika kwa uzito aliousema, ila ukienda kwa daktari yeyote na tatizo la choo, ushauri wa kwanza utakaopewa unamhusu.

Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82.

Mwaka huu ni zamu yangu kufanya utafiti wangu mwenyewe, utoro wa wanafunzi katika shule za sekondari za kata. Kwenye dodoso nimeongeza mstari wa jina la kijiji na safu ya kuandika sifuri kwa shule ambazo hazina mtoro. Msimamizi wangu ameuliza shule isiyo na mtoro inanisaidia nini. Tunaonana Alhamisi, na nimeshachapa ile ramani ya mkanda niende nayo.